Pumzi Juu ya Udongo Mwekundu

Jua lilikuwa linamalizikia nyuma ya maghorofa ya Kariakoo wakati Shaibu anarudi na mfuko wa chokaa begani, kama kibarua mwingine yeyote. Digrii anayo. Usimamizi wa biashara, tena siyo ya kuokoteza. Imelala kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro, Magomeni, inasubiri siku itakapoombwa. Na nchi hii inaomba kila kitu, kitambulisho, barua ya mjumbe, mpaka jina la bibi yako, ila ile bahasha hakuna mtu aliyewahi kuiomba mara mbili.

"Msomi!" Goodluck alimpigia kelele kutoka kwenye meza yake ya fremu za plastiki, chini ya ngazi. "Bosi wa chokaa! Leo si ungeita helikopta?"

"Nimemwachia mama mkwe wako, kaenda nayo kliniki."

"Aa, mwache mama wa watu, ana presha." Goodluck akacheka, kisha akashusha sauti. "Halafu kuna mama kapanda kwenu. Kapaki gari mbele ya duka la vitenge, hata mgambo kapita mbali. Nimemwonyesha fremu zangu, hakugeuza hata shingo. Mmemroga?"

"Mjomba yuko?"

"Kashuka kuswali magharibi. Si unajua leo kuna darsa? Mpaka isha huyo."

Shaibu alipanda. Kwenye ngazi za jengo lile la Mtaa wa Sikukuu kuna harufu ambazo huzisikii tena ukishazizoea: mafuta ya chipsi, vitambaa vipya, mkojo wa paka. Jioni ile kulikuwa na nyingine juu yake. Nyepesi. Baridi. Kama inatoka sandukuni.

Karafuu maiti.

Alisimama kidogo, akavuta pumzi, akaendelea kupanda. Kuna umri mtu akifika bila kazi, hata harufu ya kaburi anaona ni shauri la wenyewe.

Karakana ya Mjomba Khalfani ni chumba kimoja tu. Hapo ndipo fremu za mbao zinapogeuzwa dhahabu, siyo rangi ya kopo ya kina Goodluck, dhahabu yenyewe, iliyopigwa mpaka ikawa nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Kwanza mbao inapakwa chokaa na gundi, inasuguliwa, inapakwa tena. Kisha udongo mwekundu, laini kama siagi. Ukikauka, fundi anajipitishia shavuni brashi bapa ya manyoya ya kindi ili ichukue mafuta ya uso, anainua karatasi ya dhahabu kwa ncha za manyoya, na hapo ndipo inapokuja kazi yenyewe. Anainama juu ya udongo na kuupumulia. *Haaah.* Siyo kupuliza. Kupumulia, kutoka chini ya kifua, kama unayetaka kufuta miwani. Udongo unalowa kwa ile pumzi, gundi inaamka, dhahabu inarukia yenyewe.

Lakini Mjomba alikuwa na swali lake, na hakuna mteja aliyewahi kulikwepa. "Aliyemo kwenye picha yu hai?" Akiwa hai, fremu inapumuliwa. Akiwa marehemu, inapakwa mafuta ya kunata, yanaachwa yalale mpaka kesho yake, ndipo dhahabu inalazwa juu. Pumzi haigusi fremu ya marehemu. Kamwe. Mjomba aliita hiyo adabu. Shaibu, na digrii yake, aliita hiyo mbwembwe za kuchelewesha kazi.

Mwanamke alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Mjomba, mkoba mapajani, baibui safi, miwani ya bei mbaya. Pindo la baibui lilikuwa limelowa. Kariakoo mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye unayepumulia?"

"Fundi ni mjomba wangu. Mimi namsaidia."

"Sijauliza fundi ni nani. Nimeuliza wewe unapumulia?"

Ile sauti. Shaibu aliijua kabla hajaujua uso. Madam Nasma, mkuu wa ajira kwenye kampuni moja ya kutoa mizigo kule bandarini. *So, tell us about yourself*, alikuwa amemwambia mwaka uliopita, halafu Shaibu alipofika sentensi ya pili, madam akaanza kujibu meseji. Tutakupigia. Mpaka leo.

"Ulivaa shati la bluu," Madam Nasma alisema. "Ulijibu vizuri kuliko wote."

"Sasa mbona hamkunipigia?"

"Nafasi ilikuwa na mwenyewe."

Alitoa picha kwenye mkoba na kuiweka mezani. Kijana wa umri wa Shaibu, tai imekaa, meno yote nje. Amesimama mbele ya jengo ambalo Shaibu alilitembelea mara moja tu, akiwa na jasho na bahasha ya kaki.

"Mwanangu Hafidhi," alisema. "Ndiye niliyempa nafasi yako."

Alisema hivyo kama mtu anayekutajia bei ya nyanya. Shaibu alisubiri hasira ipande. Ilizoea kupanda kwa vitu vidogo zaidi, kwa tangazo la kazi linalotaka kijana mwenye uzoefu wa miaka mingi kuliko miaka aliyoishi. Leo haikupanda. Ikabaki imekaa huko huko.

"Aliyemo kwenye picha yu hai?" Swali lilimtoka kwa mazoea tu.

"Mvua zile kubwa, gari lake lilizolewa na maji Jangwani. Tulimzika."

"Pole sana, madam. Innalillahi. Basi tutampakia mafuta, kesho jioni—"

"Kwa pumzi."

"Kwa marehemu hatufanyi hivyo. Mjomba haruhusu."

"Mjomba wako yuko msikitini. Mimi niko hapa." Alivua miwani. Macho yake yalikuwa makavu kabisa, mekundu, kama hayajafumba tangu siku ya maji. "Nafasi ya Hafidhi iko wazi. Jumatatu, saa mbili asubuhi, unaripoti. *Permanent*, siyo kibarua. Hafidhi hawezi kuirudia, watu wote wa ofisini walikuja kumzika, walikula na pilau."

"Kwani… atairudiaje?"

Madam Nasma aliinyoosha picha pale mezani kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayemfunika mtoto shuka.

"Kwa nini mimi?"

"Nimezunguka mji mzima, Shaibu. Kila niliyemkuta pumzi yake ina wenyewe. Huyu ana mtoto, yule ana mchumba, mwingine hata timu yake ya mpira tu. Wewe yako imekaa bure."

Hilo ndilo lilipaswa kumchoma. Halikumchoma. Aliliangalia, akaliona ni kweli, akafunga madirisha.

Kazi ya dhahabu haitaki upepo. Aliizima feni. Kelele za mtaa, mashine za kushona, wapiga debe, adhana iliyokuwa inamalizia mbali, zote zilikatika kama mtu kazikunja na kuzitia mfukoni. Joto likashuka juu yao. Mezani kulikuwa na fremu ya maharusi iliyokwisha kupakwa udongo, ukubwa uleule. Akaivuta.

Brashi shavuni. Dhahabu ikainuka, ikitetemeka.

*Haaah.*

Ikaruka. Ikashika.

"Endelea," Madam Nasma alinong'ona.

Brashi. Shavu. *Haaah.* Kipande kwa kipande alizunguka fremu, na kadiri alivyozunguka aliona kitu cha ajabu: kila akishusha pumzi, inayorudi ilikuwa ndogo kidogo. Siyo kama amechoka. Kama kuna mtu kashika upande wa pili wa kamba, anavuta bila haraka.

*Haah.*

Mwanamke alikuwa akimwangalia mdomo.

*Hah.*

Ilibaki kona moja. Shaibu aliinama, akafungua mdomo… udongo haukulowa. Pumzi iliyotoka ilikuwa baridi. Ilinuka tope.

Bado dhahabu ikaruka. Ikakaa.

Alikata kioo, akakilaza juu ya picha, akavipachika kwenye fremu kama alivyofanya kwa maharusi na mashehe na mapadri wote waliowahi kupita mle. Alipoigeuza mbele, alidhani macho yake yana ukungu. Alifuta kioo kwa kiganja. Hakikufutika. Ukungu ulikuwa mdogo, wa duara, sawasawa na mdomo wa Hafidhi.

Ulikuwa kwa ndani.

Ukayeyuka. Ukaja tena. Ukayeyuka.

Madam Nasma aliikumbatia fremu kifuani kama mtu aliyepewa mtoto wodini. "Vyeti vyako niletee leo hii nyumbani. Gerezani, geti la kijani, ukipita msikiti mdogo. *Welcome on board*, Shaibu."

Visigino vyake vikashuka ngazi. Shaibu hakufungua madirisha. Alikaa tu.

*

Mjomba Khalfani aliingia na kanzu yake ya darsa, akasimama mlangoni, pua juu. Aliangalia pale fremu ya maharusi ilipokuwa. Aliangalia mabaki ya dhahabu kwenye brashi. Alichukua kipande cha kioo, akamsogezea Shaibu mdomoni.

"Pumua."

Shaibu akapumua. Kioo kikabaki safi.

"Pumua, mwanangu."

Safi. Kisha, baada ya kitambo, bila Shaibu kufanya kitu, kifua kikajaa chenyewe na kioo kikapata ukungu.

Mjomba alikaa chini, palepale kwenye sakafu yenye chokaa. "Ulimpumulia nani?"

"Mtoto wa yule mama wa bandarini. Mjomba, kanipa kazi."

"Shaibu…"

"Kazi, Mjomba. Siyo kushika chokaa. Kazi."

"Nisikilize. Fundi aliyenifundisha mimi, Abdulkadiri, alimpumulia mkewe. Alishindwa kukaa bila yeye." Mjomba alikuwa akiongea na mikono yake. "Pumzi ya mtu ni moja. Ukimpa aliyekwenda, mnapokezana. Akivuta yeye, wewe unangoja. Nilikuwa nakula naye, namwona anaacha kutafuna, anangoja zamu yake. Mwanzo zamu zililingana."

"Halafu?"

"Halafu mwenzake akapata nguvu." Aliinuka kwa shida, akafungua droo, akatoa kisu bapa cha kukwangulia. "Dhahabu ile ikikwanguliwa kabla fremu haijatundikwa ukutani, pumzi inarudi kwako yote. Ikishatundikwa, basi, imepata nyumba. Mimi siwezi kukukwangulia, ni lazima mkono wa aliyepumulia. Nenda. Mwanangu, kimbia."

Shaibu hakukimbia. Alijaribu, lakini mbele ya vibanda vya mitumba kifua kikasimama. Watu walimpita, mama muuza mihogo akamwambia, "We kaka, sogea basi, umekuwa mlingoti?" Naye amesimama, mdomo wazi, akingoja mtu mwingine amalize kuvuta. Ilipofika zamu yake akaendelea na safari.

*

Geti la kijani lilikuwa wazi. Sebule kubwa, taa moja. Madam Nasma amesimama juu ya kiti, viatu amevua, nyundo mkononi. Misumari iliyopinda imezagaa chini. Fremu iko kwenye kochi, imeegemezwa mto, inang'aa.

"Vyeti?" alisema bila kugeuka.

Shaibu alionyesha kisu.

Aliteremka kwenye kiti. Hakupiga kelele, hakulia. "Sawa. Kwangua. Sitakushika mkono." Akaashiria pazia la chumba cha ndani. "Lakini ukamwangalie kwanza. Siyo kwenye kioo."

Nyuma ya pazia harufu ilikuwa nzito. Karafuu maiti, udi, na chini yake tope la Jangwani. Kitandani kulikuwa na mtu amelala chali, shuka mpaka kifuani. Kucha zake zilikuwa na udongo. Nywele zimeshikana. Kifua kilikuwa kimetulia kama ukuta.

Shaibu akavuta pumzi. Akaishusha.

Kifua cha kitandani kikapanda.

Shaibu alijaribu kuvuta tena. Hakukuwa na kitu cha kuvuta. Alisimama pale, hewa imejaa chumba kizima na hata tone halimwingii, akitazama mbavu za mwenzake zikifunguka chini ya shuka.

Macho yakafumbuka.

"Mambo, kaka," Hafidhi alisema. Sauti ilikwaruza, ina mchanga, lakini ilikuwa na adabu, sauti ya kijana aliyesoma shule nzuri. "Samahani. Nimalizie kidogo tu… kulikuwa na giza kule."

Shaibu hakuwa na cha kujibia.

Pumzi ilipomrudia, alirudi sebuleni. Kisu bado kiko mkononi. Alikaa kwenye kochi, akaipakata fremu, akaweka ncha ya kisu kwenye kona ile ya mwisho. Mkwaruzo mmoja tu ungeanza kuilegeza, ingetoka kama maganda. Alijitafuta ndani. Alitafuta hofu, akatafuta huruma, hata ule uchungu wake wa kila siku aliokuwa anaamka nao kama mswaki. Ilikuwa kama kubonyeza simu iliyozima. Unabonyeza, unajiona uso wako kwenye kioo cheusi, basi.

Aliliona godoro la Magomeni. Akawaona wale wote aliowahi kuwaambia shikamoo kwenye mapokezi.

"Ni ya kudumu?" aliuliza.

"Ya kudumu."

"Na bima ya afya?"

"Na bima."

Akanyamaza muda, siyo kwa kufikiri. Ilikuwa zamu ya mwenzake.

"Ukuta huu ni wa zege," alisema pumzi ilipomrudia. "Ndiyo maana unapinda misumari. Lete nyundo."

Alipanda kwenye kiti yeye mwenyewe. Akapiga msumari mpaka ukashika, akaitundika fremu, akashuka, akarudi nyuma kuangalia kama imenyooka. Ilikuwa imenyooka. Chumbani, nyuma ya pazia, mtu alikohoa, kikohozi kirefu, cha afya, cha mtu anayetoa tope la mwisho kifuani.

Madam Nasma alifunika uso kwa mikono miwili. Shaibu akaitoa ile bahasha ya kaki chini ya shati, akaifungua. Alikuwa ameipitia nyumbani kabla ya kufika Gerezani, ijapokuwa hakuwa amemwambia mtu, hata nafsi yake.

*

Mjomba alikuwa amekaa kwenye ngazi za karakana, tasbihi mkononi.

"Umekwangua?"

Shaibu hakujibu. Mjomba akangoja jibu. Shaibu naye akangoja… na yule mzee, aliyekuwa amekula meza moja na fundi Abdulkadiri, akauelewa ule ukimya kabla haujaisha. Alinyoosha mkono, akakichukua kisu, akakifuta kwenye kanzu ingawa kilikuwa safi.

"Usiguse tena dhahabu yangu," alisema kwa upole. Akapanda juu, akamwacha pale.

Kazi ni nzuri. Kiyoyozi kipo, kiti kinazunguka, dirishani makontena ya bandari yamepangwa kama viberiti. Wenzake wanamwita Mzee wa Kutafakari, kwa sababu kwenye vikao akiulizwa swali anakaa kimya kwanza. Wanamheshimu. Bosi mmoja aliwaambia vijana wajifunze kwa Shaibu, yeye hakurupuki. Mwanzo zamu zilikuwa za haki, kama watu wastaarabu kwenye bomba moja la maji. Sasa anangoja zaidi. Lifti ikijaa watu hataki kupanda, maana mtu anaweza kumsemesha.

Madam Nasma aliacha kazi. Inasemekana amenenepa.

Jioni moja Shaibu alipita Kariakoo, shati la ofisini, tai mfukoni. Hakujua anataka nini. Labda kumpa Mjomba shikamoo tu, aondoke. Alisimama chini ya ngazi na kusikiliza. Juu, jiwe la akiki la kung'arishia lilikuwa likisugua dhahabu, mwendo uleule, na Mjomba akimuuliza mteja kwa sauti yake ya siku zote: aliyemo kwenye picha yu hai?

Simu ikatetemeka. Namba ngeni.

*Mambo kaka. Hafidhi hapa. Nimepata timu, leo mazoezi ya kwanza, nitakimbia sana. Nitahitaji zaidi kidogo. Naomba usipande ngazi.*

Aliisoma mara moja. Akajibu: *Poa.*

Kisha akakaa kwenye ngazi ya kwanza, akapanga suruali isikunjike.

"Bosi!" Goodluck alimwita kutoka mezani, furaha tupu. "Msomi wetu! Umepotea kama umeokota! Vipi, umekuja kutununulia soda au umekuja kutunyanyapaa?"

Shaibu aliinua kidole kimoja. Subiri.

Goodluck akasubiri, anatabasamu. Akaja mteja, akachagua fremu ya plastiki, akabishana, akafungiwa kwenye gazeti, akaondoka. Taa za maduka zikawashwa mtaa mzima. Goodluck akageuka tena.

Kidole kilikuwa bado kiko juu.